Hypo na hyper, ante na anti: utayatenganishaje?

Swali: Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, naishi Kayole. Kiingereza nakiongea bila shida, lakini kuna maneno yanayoanza karibu sawa ambayo nikifika kuyaandika mkono unasita: hypo na hyper, ante na anti, inter na intra, na hayo ya pre, per na pro ndiyo usiseme. Mwezi uliopita niliandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana "hypertension" ilhali presha yake ilikuwa imeshuka. Msimamizi wa wodi aliliona mapema na hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo sina raha. Nimeyapanga yote kwenye daftari, mawili mawili, yakitazamana, nayakariri kila usiku. Asubuhi yamechanganyika tena. Na akina "accommodate" na "diarrhoea" nao sijui nitawakamata lini. Nifanyeje?

Jibu: Dada, kwanza lifunge hilo daftari. Najua umelitolea jasho, lakini mpangilio wake wa mawili mawili ndio unaokuchanganya. Ukiweka "hypo" na "hyper" mstari mmoja, ukayakariri usiku mmoja, akili inayahifadhi kama pacha. Inakumbuka kwamba yako mawili, kwamba moja ni juu na lingine ni chini, lakini lipi ni lipi haina pa kushikia. Batia Laufer wa Chuo Kikuu cha Haifa aliyachunguza maneno ya Kiingereza yanayofanana umbo miaka ya 1980, akaonyesha kwamba hata wanafunzi waliokwisha kupanda ngazi huyabadilishana. Kwa hiyo usijione mzito. Jifunze moja peke yake mpaka uliandike bila kufikiri, ndipo umlete mwenzake. Wiki mbili katikati si nyingi.

Nitairudia ratiba baadaye. Kabla ya hapo nataka uelewe kwa nini sikio lako, ambalo limekutumikia vizuri tangu chekechea, halikusaidii hapa.

Sisi tuliosomea Kiswahili tumefundishwa kuamini sikio. Lugha hii ilipopangwa kuwa sanifu, kuanzia mkutano wa Mombasa wa 1928 na ile kamati ya lugha iliyoundwa 1930, tahajia iliandamana na matamshi. Tuna irabu tano, na kila moja ina sauti yake: a ni a, iwe mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Mtoto wa darasa la pili akisikia "kitambaa" ataliandika hata kama hajawahi kuliona popote. Kiingereza kina herufi tano hizo hizo za irabu, lakini zinabebeshwa sauti za irabu zinazokaribia 20. Tena silabi isiyo na mkazo irabu yake hufifia, inakuwa mvumo tu usio a wala e wala o. Fungua kamusi utaiona imeandikwa kwa alama ya e iliyopinduliwa, ə.

Sasa tazama mahali mkazo unapoangukia katika maneno yanayokutesa. Katika "prescribe", "permit", "proceed", mkazo uko kwenye silabi ya pili, na ya kwanza ndiyo inayofifia. Herufi unayoitafuta iko mahali ambapo mzungumzaji haitamki sawasawa. Kwa "ante" na "anti" hali ni mbaya zaidi, kwa maana Waingereza wengi huzitamka sawasawa kabisa. Ukiliuliza sikio, litakujibu kwa kubahatisha.

Basi tuulize kitu kingine. Fundi wa nguo akitaka kujua gauni limeshonwaje huligeuza nje ndani autafute mshono. Maneno ya hospitali karibu yote yana mshono. Yameunganishwa kwa vipande vya Kilatini na Kigiriki, kiambishi awali mbele na mzizi nyuma, vile vile ulivyochambua vitenzi kwenye somo la Kiswahili: a-na-som-a. Ukiona mshono, herufi za mwanzo zinajieleza kwa maana yake, na maana haififii hata neno likitamkwa haraka namna gani.

Tuanze na hilo lililokukosesha raha. "Hypo" ni Kigiriki, maana yake chini, au pungufu. Hapa Nairobi sote tunalitamka "haipo". Liache liwe hivyo hivyo! Sukari haipo: hypoglycaemia. Presha haipo: hypotension. Oksijeni haipo: hypoxia. Haipo yenyewe inaishia na o, na hypo inaishia na o. Kumbuka tu kwamba hospitalini maana yake ni kupungua kuliko kawaida, si kukosekana kabisa. Na sindano ya "hypodermic" ni ile inayoingia chini ya ngozi. Kaa na hili peke yake. Likishatulia, ndipo uilete "hyper", nayo usiitafutie maana kwa kuilinganisha na hypo. Ipeleke kwa ndugu zake halisi: "hyper" ya Kigiriki, "super" ya Kilatini na "over" ya Kiingereza ni ukoo mmoja, zote zina maana ya juu, na zote zinaishia na er. Supermarket unaijua, na hypermarket ni kubwa kuipita. Kuanzia hapo hypertension, hyperthermia na hyperglycaemia zina kwao.

Kuhusu faili lenyewe nakuomba uzoee jambo moja: usiliache neno kama hilo peke yake. Andika namba kando yake, "BP 84/50, hypotension". Anayesoma zamu inayofuata akikuta neno na namba havikubaliani, atasimama aulize. Na ukigundua umekosea, usifute wala usipake wino mweupe. Piga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, andika lililo sahihi, weka tarehe, saa na sahihi yako. Msimamizi aliyeliona kosa lako mapema alifanya kazi yake, nawe ulipokosa raha ulionyesha kwamba kazi hii unaichukulia kwa uzito wake. Sasa lala.

"Ante" na "anti" hazihitaji muda mrefu, kwa sababu kundi moja ni dogo sana. "Ante" ni Kilatini, mbele au kabla. Utaiandika kwenye "antenatal", yaani kabla ya kuzaliwa, na pengine kwenye "antecubital", pale mbele ya kiwiko unapotafuta mshipa wa kutolea damu. Yashike hayo mawili. Yaliyobaki yote yanayopinga kitu ni "anti" ya Kigiriki: antibiotic, antiseptic, antibody, antidote, antiretroviral. Linalovunja utaratibu ni "anticipate", ambalo kwa asili lilitoka kwenye ante ya Kilatini lakini likaandikwa na i. Hilo likariri tu, halina njia nyingine.

"Inter" na "intra" nazo ni hivyo hivyo. Njia za kuingiza dawa mwilini ni intra, ndani: intravenous ndani ya mshipa, intramuscular ndani ya msuli, intradermal ndani ya ngozi kama inavyodungwa chanjo ya BCG. "Inter" ni kati ya kitu na kitu. Mechi ya Harambee Stars na taifa lingine inaitwa international kwa kuwa ni kati ya mataifa mawili, na misuli ya intercostal iko kati ya mbavu. Ukiwa umeshika sindano au dripu, andika intra.

Sasa tufike kwenye pre, per na pro. Hapa tukae, maana ndipo wengi wanapokwama, na sioni kwamba vitabu vya shule vinawasaidia inavyopaswa. Huwapa orodha ya maneno na kuwaambia wakariri.

"Pre" ni kabla. "Prevent" kwa asili ni kuja kabla: ugonjwa haujafika, wewe umekwisha kufika. "Precaution", "premature", "previous", "predict", zote zina kabla ndani yake. Na "prescribe", neno ambalo nimeona likiandikwa "perscribe" hata na watu wenye vyeti vikubwa, ni kuandika kabla: daktari anaandika kwanza, dawa inatoka baadaye. Ukikumbuka mpangilio huo wa foleni ya famasi, kwamba karatasi hutangulia dawa, hutaandika per tena.

"Per" ni kupitia, kutoka upande huu hadi ule, au moja kwa moja mpaka mwisho. "Perforate" ni kutoboa mpaka upande wa pili, na ndiyo maana utumbo uliotoboka huitwa "perforated". "Perspire" ni kutoka jasho, na kwa asili yake ni kupumua kupitia, yaani ngozini. "Percutaneous" ni kupitia ngozi. "Permanent" ni kukaa mpaka mwisho. "Persist" ni kuendelea bila kukoma, kama kikohozi kinachokataa kuondoka. Sasa jiulize unapotaka kuandika: je, kuna kabla hapa, au kuna kupenya? Swali hilo moja linatatua sehemu kubwa ya shida.

"Pro" ni mbele, kwenda mbele au kutokeza mbele. "Prolapse" ni kiungo kuanguka kikatokeza. "Progress" ni kupiga hatua mbele. "Prognosis" ni kuujua ugonjwa kwa mbele, utaelekea wapi, na "diagnosis" ni kuutambua ulivyo sasa kwa kuutofautisha na mwingine. "Proceed" ni kwenda mbele, lakini "precede" ni kutangulia, kwenda kabla. Hapo utaona pia kwamba mwisho wake umebadilika, na Kiingereza kimekuhurumia kidogo: vitenzi vinavyoishia na "ceed" ni vitatu tu, proceed, exceed na succeed. "Supersede" ndiyo peke yake yenye "sede". Vingine vya ukoo huo ni "cede". Kaa macho lakini na "procedure", ambayo ni ndugu wa proceed lakini haina e mbili.

Kuna jozi moja humu ambayo hairuhusu kosa: "prescribe" na "proscribe". Ya kwanza ni kumwandikia mgonjwa dawa, ya pili ni kupiga marufuku. Proscribe ilianzia Roma. Mwaka 82 KK jenerali Sulla aliandika majina ya maadui wake akayabandika mbele ya watu wote, na aliyeonekana kwenye orodha hiyo aliweza kuuawa na yeyote. Kuandika mbele za watu, ndiyo pro hiyo. Simu yako haitakupigia mstari mwekundu ukiziandika kinyume, kwa sababu zote mbili ni maneno halali. Na mgonjwa ambaye dawa yake "imepigwa marufuku" kwenye karatasi kwa herufi moja hana wa kumtetea isipokuwa anayeisoma.

Kando ya hizo kuna "peri", kuzunguka. Pericardium ni utando unaozunguka moyo. "Perinatal" ni kipindi kinachozunguka kuzaliwa, yaani muda mfupi kabla na baada, kwa hiyo usiitumie mahali pa "prenatal". Ukiiona i baada ya per, fikiria duara.

Sasa nije kwa "accommodate" na wenzake wa herufi pacha. Sehemu hii naipenda kuliko zote, kwa sababu Mswahili anaijua tayari bila kujua kwamba anaijua.

Kumbuka ngeli ya U-ZI. Ubao mmoja, mbao mbili. Ubavu, mbavu. Ulimi, ndimi. Kamba ni ndefu, si "nrefu". Nyumba ni mbaya, si "nbaya". Nazali ya n ikikutana na b inageuka m, na ikikutana na l au r, hiyo l au r ndiyo inayosalimu amri ikawa d. Hatukukaa darasani kuamua hivyo. Ulimi wenyewe ulitafuta njia rahisi. Warumi nao walikuwa na ndimi. Kiambishi chao "in" kilipokutana na p, b au m, kikawa "im": impossible, imbalance, immobile. Kilipokutana na l kikawa "il": illegal. Kilipokutana na r kikawa "ir": irregular. Tofauti ni kwamba sisi ni nadra kuandika konsonanti mbili zinazofanana zikifuatana, isipokuwa chache kama mm ya "mmoja", lakini wao waliandika, na Kiingereza kikarithi. Ile m ya kwanza katika "immobile" ni mabaki ya "in", na ya pili ni mwanzo wa mzizi wenyewe, "mobile". Ukiandika moja tu, umeng'oa kiambishi.

Viambishi vingine viwili vitatu hufanya hivyo hivyo. "Ad", kuelekea, hujigeuza kufuata herufi inayofuata: ikawa "ap" katika appendix, kitu kinachoning'inia, "as" katika assist, "af" katika afferent, neva inayoleta taarifa ndani. Mwenzake "efferent", inayopeleka nje, imetokana na "ex". Mshono huo huo ndio unaotenganisha "affect" na "effect". "Con", pamoja, ikawa "col" katika collapse, "com" katika communicable, "cor" katika correct. "Sub", chini, ikawa "sup" katika suppository, "suf" katika suffocate.

Hapo sasa mtazame "accommodate". Ni ad, kisha con, kisha mzizi. Ad imekutana na c ikawa ac, con imekutana na m ikawa com. Ac-com-modate. Ndiyo maana ina c mbili na m mbili, na haiwezi kupungua. Mwenzake "recommend" ni re, com, mend: re haijigeuzi, kwa hiyo c ni moja tu, na m mbili zinatoka kwenye com na mend.

Viambishi visivyojigeuza ndivyo rahisi kuliko vyote. "Dis" mara nyingi hubaki dis. Dis na appear: disappear, s moja. Dis na solve: dissolve, s mbili, maana mzizi umekuja na yake. "Dissect" ina mbili, "bisect" ina moja, kwa kuwa "bi" haina s ya kutoa. "Unnecessary" ina n mbili kwa sababu un ina yake na necessary ina yake. Hesabu kila upande wa mshono peke yake, kisha uunganishe bila kuongeza wala kupunguza.

Na hapo ndipo utaacha kukosea neno ambalo karibu kila mwaka nalisahihisha: "inoculate". Wengi huliandika kwa n mbili wakidhani ni ndugu wa "innocent". Mzizi wake ni "oculus", jicho. Warumi walitumia neno hilo shambani kwa kupandikiza jicho la mmea mmoja kwenye mti mwingine, na baadaye likahamia kwenye chanjo. In na oculus: n ni moja. "Innocuous", kisichodhuru, ina mbili kwa sababu mzizi wake unaanza na n. Mshono ukiuona, huna haja ya kukisia.

Lakini mshono usiulazimishe pasipokuwa na kiambishi. "Illness" ni "ill" na "ness" tu, il yake haikanushi chochote. "Allergy" ina l mbili kwa sababu neno la Kigiriki "allos" linazo, wala hakuna ad humo. Ukishuku, kamusi nzuri itakuonyesha asili ya neno mwishoni mwa maelezo. Wengi huruka sehemu hiyo. Wewe isome.

"Dys" na "dis" nitazipita haraka. Yenye y ni ya Kigiriki, maana yake kufanya kazi kwa taabu: dyspnoea kupumua kwa taabu, dysphagia kumeza kwa taabu, dysuria kukojoa kwa taabu, na dysentery, utumbo ulio taabani. Yenye i ni ya kutenga au kuondoa: disinfect, dislocate, discharge. "Disease" imo kundi la i, dis na ease, raha iliyoondoka.

"Diarrhoea" inaonekana kama adhabu lakini ina utaratibu. Herufi r ya Kigiriki ikiwa mwanzoni mwa neno huandikwa rh: rheumatism, rhinitis, rhythm. Ikija katikati baada ya kiambishi kinachoishia na irabu, hurudufiwa ikawa rrh: diarrhoea, haemorrhage, gonorrhoea. Dia ni kupitia, rrhoea ni mtiririko. Kwa hiyo mwanzoni r moja, katikati mbili, na h haibanduki. Wamarekani huandika diarrhea, hemorrhage, anemia, edema. Sisi Kenya tunafuata tahajia ya Uingereza, yenye oe na ae. Ingia kwenye mpangilio wa simu yako ubadilishe Kiingereza kiwe cha Uingereza, la sivyo itakusahihisha kila siku kuelekea upande usio wako.

Bado zile herufi za mwanzo zisizotamkwa: k ya "knee", w ya "wrist", p ya "pneumonia" na "psychiatry". William Caxton alipoanzisha mashine yake ya kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, ile k bado ilitamkwa. Uchapaji uliigandisha tahajia, ndimi zikaendelea na safari yao. Kwa haya, nina dawa moja ambayo naitumia mpaka leo: yasome kimoyomoyo kwa Kiswahili, herufi kwa herufi. K-ne-e. P-ne-u-mo-ni-a. Di-ar-rho-e-a. Mdomoni litamke wanavyolitamka watu, lakini kichwani liwe na jina lake la pili, la kuandikia. Anayekisoma Kiswahili huliweza hili bila taabu, kwa kuwa tumezoea kuipa kila herufi haki yake.

Kuna jambo la lugha ya nyumbani pia. Ikiwa kwenu r na l ni sauti moja, au b na p, au f na v, usilitegemee sikio hata kwenye maneno mepesi kama "clinical" na "critical". Hakuna aibu yoyote, ni lugha ya mama. Maneno hayo yape mkono: yaandike mara kwa mara, kubwa, huku ukiliangalia umbo lake.

Namna ya kujifunza, basi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: mengi ya tunayokariri hupotea katika saa za mwanzo, na kurudia kwa kuachilia muda katikati hushinda kurudia kwa mfululizo. Kwa hiyo usikae usiku mzima na orodha. Chukua neno moja, litazame, utafute mshono, lifunike, liandike kwa kumbukumbu, kisha fungua ulinganishe. Ukikosea, usinakili mara hamsini, angalia tu ni upande gani wa mshono ulioteleza. Lirudie kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Dakika zile unazokaa kwenye matatu, magari yakiwa hayasogei pale Jogoo Road, zinatosha kwa maneno matatu na kipande cha karatasi. Mwombe mwenzako wa darasani akusomee imla badala ya kusoma mwenyewe, maana wodini hakuna anayekuonyesha neno kabla hujaliandika.

Kamusi ya uuguzi si lazima uinunue mpya. Wauzaji wa vitabu vya inama, vile vinavyopangwa chini kando ya barabara, katikati ya jiji huwa nazo za zamani, na viambishi vya Kilatini havijabadilika tangu zichapishwe. Chagua iliyochapwa Uingereza. Kama pesa ni kidogo, maktaba ya McMillan kwenye Banda Street ina tawi lake Makadara, karibu zaidi na kwenu.

Wiki hii chukua "hypo" peke yake pamoja na maneno yake matatu, kisha "antenatal", kisha "inoculate". Usiguse "hyper" hata kama inakuita. Wiki ya pili ongeza "prescribe" na "intravenous". Ya tatu, kama hypo imeshakaa, ilete hyper, nayo "perforate" ije wiki inayofuata. Accommodate unaweza kuianza leo hii, maana haina pacha wa kuichanganya nayo: ac, com, modate.